Dohani Katika Banda la Baba

3 Machi

Dada Kibiriti,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanatangaza mvua kabla ya redio. Mke wangu anakusalimu sana na sweta uliyomletea haivui hata jikoni. Mwanangu mkubwa amepata kazi ya kuendesha lori, na tayari ameanza kuongea kama dereva, yaani kwa kelele. Paka wa Mama amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku langu la vifaa, na kwa kuwa ni paka wa Mama hakuna wa kumhamisha. Nafanya kazi kwa randa moja.

Nakuandikia kwa sababu ulisema mambo ya banda hutaki kuyasikia kwenye simu. Ni hivi. Baridi ya mvua za mwaka huu imenishinda. Gundi haishiki. Juzi nimemtengenezea mwalimu mkuu meza, nikaibana kwa jiriwa siku mbili, nilipoifungua mbele yake mguu mmoja ukabaki mkononi mwangu. Alicheka, lakini meza hakuichukua. Vidole vyangu navyo asubuhi havikunji mpaka nivitie kwapani.

Nataka kuweka jiko la kuni mle ndani, lile zito la chuma, na dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Jiko nimeshalipata kwa muoka mikate wa barabara ya chini, yeye anahamia kwenye umeme. Banda ni letu wawili, Baba alisema hivyo, kwa hiyo naomba neno lako. Najua kwako si jambo jepesi. Ukikataa nitaelewa.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta jikoni nikiwa na wanafunzi mia nne nje ya mlango, wote wana njaa na wote wanagonga sahani. Mimi mzima. Mguu niliouunguza kwa uji umepona, limebaki baka tu. Mwambie Mama ajifunge magoti kitambaa cha sufu na asione haya kuonekana mzee, kwa maana ni mzee. Mpongeze dereva. Paka mwache.

Sasa tuje kwako. Tangu lini unaniomba ruhusa? Tangi la maji uliliuza, nikasikia kwa watu. Mti wa nyuma uliukata, nikauona haupo kwenye picha ya harusi ya jirani. Leo ni tundu moja la bomba na mimi naletewa shikamoo, paka na magoti. Machale yamenicheza, nakwambia kweli.

Unasema unajua si jambo jepesi. Hebu tuliseme lilivyo, maana katika familia yetu hakuna anayelisema. Ni miaka arobaini na moja tangu nusu ya banda iungue, enzi hizo zizi na karakana vikiwa chini ya paa moja, na ng'ombe mwenye mimba akiwa ndani, na madawati thelathini ya shule ambayo Baba alikuwa ameshayamaliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ikasemwa kwamba nilikwenda kukamua nikasahau taa kwenye nyasi. Wiki iliyofuata nilipandishwa basi kwenda kwa shangazi, na tangu siku hiyo nikija nyumbani nalala kama mgeni, naonyeshwa taulo liko wapi. Baba amekufa akiniita Kibiriti. Na ninyi mnaniita hivyo hadi leo, mnacheka, nami nacheka.

Desemba nastaafu. Nilikwambia mwaka jana nataka kujenga chumba kimoja kwenye ubavu wa banda, nirudi nikae kwetu. Ulisema "tutaona." Bado naona. Kwa hiyo nijibu kwa maandishi, maana simu ukibanwa unaikata na kusema ni mtandao. Jiko ni la kukaushia gundi, au kuna mtu atahamia humo? Paa utatoboa upande gani? Na chumba changu je?

Jiko weka. Sitakuwa mtu wa kumnyima ndugu yangu moto, nisije nikaongezewa jina jingine. Lakini nichoree dohani yote kabla hujaifunga.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Samahani kwa kuchelewa. Mama alikuwa na kikohozi, sasa anakula vizuri na ananung'unika vizuri. Paka wamefumbua macho. Mke wangu anauliza kama mna nafasi ya mpishi msaidizi huko, lakini anatania, nadhani.

Hakuna anayehamia bandani. Nani atakaa na vumbi la mbao? Ni gundi na vidole vyangu tu. Kazi nimeianza, maana muoka mikate alitaka jiko litoke dukani kwake siku ile ile. Tumelibeba wanaume wanne na mmoja wao hadi leo anatembea upande. Nimeliweka kwenye matofali, nyuma kabisa, pale pale Baba alipokuwa na lake la kuchemshia gundi. Bomba ni vipande sita. Nimevifunga kama Baba alivyofunga vyake, kipande cha chini kinaingia ndani ya cha juu, kwa kuwa moshi unapanda, na bomba linapaswa kuufuata moshi. Nakumbuka alivyonieleza. Nimepanda darini kutafuta pa kutokea. Paa bado sijatoboa.

Mchoro nitauleta nikipata karatasi kubwa.

Kuna kitu kimoja nataka kuuliza. Siku ile jioni, taa uliitundika wapi? Nauliza tu.

Mdogo wako


23 Aprili

Mdogo wangu,

Mama apewe maji ya moto yenye asali, na mkeo mwambie akija huku atakimbia siku ya pili. Hayo ndiyo ya salamu, na yameisha.

"Nauliza tu." Miaka arobaini na moja hakuna aliyeniuliza. Baba hakuniuliza, aliniambia. Mama hakuniuliza, alinifungia nguo zangu kwenye shuka. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukasimama mbele ya majirani, Baba akakuuliza kama uliniona nikitoka na taa, ukasema hukuniona. Leo una ndevu nyeupe ndipo unauliza, na unauliza tu, mwishoni mwa barua, baada ya paka.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Binamu yetu wa sokoni ameniambia amemwona mpimaji wa ardhi kwenu, na kamba yake na kijana wa kushika upande wa pili, wanapima ubavu wa banda. Ubavu ule ule wa chumba changu. Hukunitajia. Sasa naunganisha: mpimaji kwanza, halafu swali la taa. Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ndiye niliyeunguza banda, uipeleke karatasi kwa wenye mihuri, useme dada alishaharibu fungu lake zamani? Kama ndivyo, basi andika jibu langu kwa wino mweusi. Taa niliitundika kwenye msumari wa mwimo wa mlango, kushoto ukiingia, baada ya kuizima kwa pumzi yangu. Nilichukua ndoo ya maziwa kwa mikono miwili. Nilisema hivyo siku ile na nasema hivyo leo. Baba alisema taa iliyeyuka motoni ndani ya nyasi. Mimi sikuiona imeyeyuka. Niliambiwa.

Na kwa kuwa mimi ni mpishi kwanza kabla ya kuwa na hasira, sikiliza. Hilo bomba umelifunga vibaya. Moshi unapanda, ndiyo, lakini jasho la moshi linashuka, jeusi na zito kama lami. Kipande cha juu ndicho kinachoingia ndani ya kile cha chini, ili jasho literemke ndani kwa ndani hadi kwenye moto likaungue huko. Ukifunga kinyume linavuja kila kiungo, linaganda nje, na siku moja linashika moto. Na boriti ikae mbali na bomba, shubiri tatu zisipungue. Jiko letu la zamani hapa tulipolivunja, boriti iliyokuwa karibu ilikuwa imegeuka mkaa kwa ndani, na hakuna mwali uliowahi kuigusa. Ni joto la kila siku tu. Fundi alisema ingebaki mwaka mmoja zaidi ingejiwakia yenyewe.

Nani alikufundisha kufunga hivyo? Umesema Baba.

Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kukoroga maharage, nikarudi. Sitaandika ninachofikiri. Ni marehemu.

Nijibu kuhusu mpimaji.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anakohoa tena kidogo. Kazi ya jiko nimeisimamisha. Bomba nimelifungua lote.

Naomba usije kwanza, hata kama una likizo. Nitakuandikia.

Mdogo wako


7 Juni

Wewe,

Wiki tano nasubiri, naletewa mistari minne. Usije kwanza! Nani amekufa, au nani amenunua? Nimempigia Mama, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia, akaniuliza tena nimekula nini, kisha akasema mtandao mbaya. Hata Mama sasa amejifunza.

Nimekata tiketi ya tarehe kumi na mbili Julai. Nikikuta banda lina kufuli lisilo letu, nitakaa mlangoni na mwiko wangu mpaka mtoke mmoja mmoja mnieleze. Nakwambia mapema ili usiseme hukuambiwa.

Dada yako, na unajua jina


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Leo sina habari ya paka.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko la nyumbani. Hii nitaipeleka posta nikishaifunga tu, kabla sijapata akili nyingine.

Mwezi wa nne nilipanda darini, kule nyuma, kutafuta pa kutoboa. Nilikuta pale lilipotokea bomba la Baba pamezibwa kwa bati, na chini ya bati, kwenye boriti nene ya zamani iliyonusurika moto, pamepigiliwa mbao moja ndefu. Nikashangaa kwa sababu mbao yenyewe imepigwa randa. Dada, ni laini kama meza ya kulia chakula. Kule juu ambako hata panya hawatazami. Nikaing'oa. Nyuma yake boriti imeliwa na mkaa, kutoka upande wa bomba kwenda ndani, shimo la kuingia ngumi yangu. Na kati ya boriti na bati, nyuma ya mbao hiyo, kulikuwa na aproni ya kazi ya Baba imekunjwa. Ndani ya aproni kulikuwa na taa.

Taa ile ile, ya bluu, yenye mpini uliofungwa waya. Kioo kizima. Hakina hata ufa. Haijawahi kupita kwenye moto wowote.

Ndiyo maana nilikuuliza ulitundika wapi. Nilijua jibu. Nilitaka uliseme wewe, mimi nisilazimike. Barua yako ya Aprili ilinikuta nikiwa juu ya ngazi. Nilisoma ile ya boriti ya jikoni kwenu nikiwa nimeishika boriti yetu kwa mkono mwingine. Nikashuka, nikaketi juu ya matofali. Siku ya pili nikamwita fundi bati, bila kumwambia kitu, nikamwonyesha tu. Akakwaruza kwa ukucha, akauliza kwanza kama bomba la zamani lilifungwa kama hili langu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Huu mti haukuungua siku moja. Huu umeokwa miaka, na siku hiyo uliiva." Kisha akauliza kama nina chai.

Sasa la kwangu. Nilikuona, Dada. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo tupu pale uani. Nilikuona umetoka na ndoo ya maziwa, umeiweka chini, umeizima taa kwa pumzi, ukaitundika kwenye msumari. Nilikuona vizuri kwa sababu ulinitolea ulimi. Halafu Baba aliponiuliza mbele za watu, alikuwa ameniangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona, si la ukali, lilikuwa jicho la kuniomba. Mtu mzima, baba yangu, ananiomba mimi. Nikasema sikukuona. Nilidhani watakugombeza siku mbili yaishe. Ulipopanda basi nilijificha chooni. Tangu hapo kila mwaka ulivyozidi kupita ndivyo ilivyokuwa vigumu kufungua mdomo, na jina la Kibiriti nililicheka kuliko wote, kwa sababu vinginevyo ungekisikia kimya changu.

Mpimaji nilimwita mimi, wiki niliyoipata taa. Nimekuandikishia nusu ya banda na ubavu wote wa chumba, kwa jina lako kamili, muhuri upo. Nilitaka ukishajua haya uwe tayari una kwako, usiweze kuondoka tena. Najua inaonekanaje. Inaonekana kama hongo, na sina hakika si hongo.

Nilisema usije kwa sababu ya Mama. Nilipomwambia nimeipata taa, alinisihi nisikuandikie mpaka yeye afe. Nikakubali, ndiyo ile mistari minne. Lakini Jumatatu iliyopita akaja bandani mwenyewe, kwa fimbo, ambako hajatia mguu tangu moto. Akaketi kwenye benchi langu. Akaniambia nimpe ile mbao. Akaipapasa kwa kiganja, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nilijua wiki ile ile," alisema. "Alipiga randa kutwa nzima. Nani anapiga randa mbao ya darini?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Hakukasirika. Alisema kazi zote za Baba zilikuwa za watu, na fundi aliyeunguza madawati ya shule asingepewa tena hata kiti cha kukarabati, na sote tungekufa njaa. Alisema mimi nilikuwa mdogo. Kisha akasema, "Dada yako ndiye niliyeona ataweza kubeba."

Alilia, Dada, lakini kidogo, kama mtu anayefanya jambo kwa siri. Nami sikumbembeleza. Sikuweza.

Taa nimeitundika kwenye msumari wake. Msumari haujawahi kutoka. Mwimo ule wa mlango ni ule ule wa zamani, haukuguswa na moto. Tumepita hapo kila siku miaka arobaini na moja, na kama moto ungeanzia kwenye taa yako na nyasi, huku mbele karibu na mlango, mlango ungekuwa wa kwanza kwenda.

Njoo, au usije.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako imefika Jumanne wakati wa kugawa chakula. Niliisoma nimesimama, wanafunzi wakasubiri, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegonga sahani, nadhani kwa sababu ya uso wangu.

Nimeisoma mara sita. Mara tatu za kwanza nilikuwa natafuta ulipoficha kitu. Ndivyo mlivyonifanya, siwezi kusoma hata salamu bila kuipindua nione chini yake. Sijaona kitu. Bado nitaangalia nikifika.

Nina hasira na wewe, na nataka ujue ni hasira ya namna gani. Wewe wa miaka tisa nimekusamehe hapo hapo, kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Na nikakumbuka ule ulimi, kweli nilikutolea. Wewe wa miaka ishirini, na thelathini, na arobaini, uliyecheka kuliko wote, huyo bado. Huyo atanipokea stendi mwenyewe, atabeba mizigo yangu, na atanyamaza njia nzima. Tutaona Desemba tumefika wapi.

Karatasi ya mpimaji nitaichukua. Ni hongo, na nitaichukua, kwa sababu hata hivyo ilikuwa yangu.

Sasa Baba. Najaribu kumchukia, kisha namwona na randa yake, kutwa nzima, analainisha kitu asichotaka kionekane. Angeweza kuivunja ile taa akaifukia. Kwa nini hakuivunja? Nauliza tu. Najua hakuna wa kunijibu, na hilo linaniuma kuliko basi la shangazi.

Basi sikiliza maagizo. Boriti ibadilishwe yote, usiiunge. Bomba lifungwe nilivyosema, la juu liingie la chini, na shubiri tatu kutoka kwenye kila mti. Fundi bati atoboe paa mahali papya, lile tundu la Baba liendelee kuzibwa. Gundi yako mpaka hapo ivumilie baridi. Jiko usiliwashe. Mtu yeyote asiliwashe, hata kwa kujaribu. Nitaliwasha mimi, mchana, mlango ukiwa wazi, na wale majirani waliobaki hai uwaalike.

Taa iache pale ilipo. Ile mbao usiitupe wala usiitumie. Nataka kuipapasa na mimi.

Na Mama mpe ujumbe wangu kama nilivyouandika, usiupunguze makali. Mwambie aliona sawa, niliweza kubeba. Mwambie asinisifu kwa hilo. Halafu mwambie atandike kitanda changu cha zamani, asinitolee taulo la wageni, maana tarehe kumi na mbili nakuja kuutua mzigo huo.

Dada yako